Daktari akikuuliza hali, usimjibu kama jirani

Kwenye faili langu la matibabu kuna mstari mmoja ambao kila mtathmini anaupenda. Umeandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kukimbia, na unasema mgonjwa ameeleza kuwa anaendelea vizuri. Mgonjwa huyo ni mimi, na kweli nilisema. Daktari kijana alipita wodini asubuhi, akasimama miguuni pa kitanda: "Habari za asubuhi mama, unaendeleaje?" Nikamjibu, "Nzuri daktari, nashukuru Mungu, naendelea vizuri." Namjibu hivyo huku mkono mmoja umeshika beseni la kutapikia.

Sasa ulitaka nimjibu nini? Sisi tukiulizwa habari tunasema nzuri, mengine yanafuata baadaye. Hata nyumba yenye msiba, ukibisha hodi ukauliza habari za hapa, unaambiwa "nzuri, ila tumefiwa." Aliyekulia huku anajua kusubiri sehemu ya pili. Daktari yule, lafudhi yake ya hapahapa mjini, hakusubiri. Aliandika sehemu ya kwanza akaenda kitanda kinachofuata, maana wodi ilikuwa imefurika hadi koridoni. Simlaumu sana. Lakini mstari wake ulisafiri. Ulitoka wodini ukaenda kwenye ripoti, ripoti ikaenda kampuni ya bima, na miezi kadhaa baadaye nikasomewa na mtu mwingine kabisa, ofisini kwenye kiyoyozi, kama ushahidi kwamba sikuumia.

Ajali yenyewe haina hadithi ndefu. Nafanya kazi kampuni ya kutoa mizigo bandarini, upande wa nyaraka. Siku hiyo nilitumwa kupeleka makabrasha, na kwa foleni ya Barabara ya Mandela hakuna mwenye akili anayepanda daladala kama ana haraka. Nikachukua bodaboda Tabata. Tulipokaribia Buguruni gari dogo likakata kona mbele yetu bila kuangalia. Kofia ngumu nilivaa, ile ya abiria ambayo mkanda wake umekufa siku nyingi, unaishikilia kwa mkono.

Mimi kumbukumbu yangu inaishia kwenye kibanda cha muuza mahindi ya kuchoma. Inaanza tena nikiwa nimelala naangalia feni la darini. Hapo katikati hamna kitu. Naambiwa niliongea, nilimfokea dereva, na nilitaja namba ya simu ya mume wangu bila kukosea hata tarakimu moja. Sikumbuki chochote. Baadaye, kliniki, daktari bingwa ndiye aliyenieleza kwamba urefu wa hilo pengo la kumbukumbu ni kipimo kimojawapo muhimu cha ukubwa wa jeraha. Wakati huo hakuna aliyeniuliza, na karatasini palijazwa "hakupoteza fahamu," kwa kuwa waliponipokea nilikuwa naongea.

Waliandika pia namba: 14 juu ya 15. Hiyo ni skeli ya Glasgow, iliyotungwa na madaktari wawili wa huko Scotland mwaka 1974. Wanaangalia mambo matatu: macho yanafunguka vipi, unaongea nini, na mikono na miguu inatii kiasi gani. Ya chini kabisa ni 3, ya juu 15. Mimi nilipoteza moja kwa sababu niliulizwa leo siku gani nikataja siku ya harusi yangu. Kuanzia 13 hadi 15 wanaliita jeraha dogo la kichwa.

Namba ile ilifanya kazi yake vizuri. Ilikuwa inajibu swali moja: huyu mama atakufa usiku wa leo, au anaweza kusubiri foleni ya picha? Kwa swali hilo, mimi kweli nilikuwa na jeraha dogo, na namshukuru Mungu. Kosa ni pale mtu mwingine, miezi baadaye, anapolichukua lile neno "dogo" na kulitumia kujibu swali ambalo skeli haikuulizwa: je, huyu mama anaweza kurudi kwenye meza yake na kufanya kazi aliyokuwa anafanya? Tangu hapo kila nikipewa karatasi ya kipimo namuuliza aliyenipa, hiki kinajibu swali gani. Wengine hawapendi. Wengine wanakaa vizuri kwenye kiti na kunieleza.

Picha ya CT scan ilitoka safi, hakuna damu, hakuna mfupa uliopasuka. Ukoo mzima ukapumua. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Handeni kuniuguza, alikuwa ameshasikia kwamba aliyeumia kichwa halali, akilala haamki. Kwa hiyo usiku wa kwanza nyumbani alinitingisha kila nikisinzia, "Mwanangu, mwanangu, nitajie jina la mwanao!" Asubuhi nilikuwa natamani nirudi wodini. Tulivyoelekezwa ni kwamba mgonjwa alale, ila awepo mtu wa kumwamsha mara mojamoja na kumsikiliza, na arudishwe mbio hospitali akianza kutapika mfululizo, akizidiwa na usingizi usio wa kawaida, akipata degedege, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili. Nimeliandika hili kwa faida ya mama wakwe wote.

Baadaye nilipewa rufaa kwenda MOI, Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, ambako ndiko kwenye mabingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Benchi la kliniki ile linafundisha. Nilikaa kati ya kijana wa bodaboda mwenye kovu kutoka sikio hadi sikio na mzee aliyeanguka kwenye mnazi Mkuranga. Bingwa aliyeniona aliiweka picha yangu kwenye taa, akasema ni nzuri, halafu, tofauti na wote waliomtangulia, akaendelea kuniangalia. Akauliza, "Tangu uumie, nyumbani wamebadilikaje?" Hakuuliza mimi nimebadilikaje. Nikajikuta naeleza: watoto wananyamaza nikiingia, mume wangu, Baba Salma, anazima redio kabla sijamwomba, mama mkwe ndiye anaonja mboga. Akaandika karibu ukurasa mzima. Akanieleza kwamba CT inaona damu na mfupa, lakini nyuzi nyembamba za ubongo zikivutwa na kutikiswa, mara nyingi haioni. Ni sawa na kupiga picha nguzo za umeme mtaani: zote zimesimama wima, lakini picha haitakwambia kama ndani taa zinawaka.

Kwangu zilikuwa zinawaka na kuzima.

Nieleze kidogo kazi yangu, maana bila hivyo hili halieleweki. Kila kontena duniani lina namba yake: herufi nne, halafu tarakimu saba, na ile ya mwisho ni ya kukagulia zile zilizotangulia. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha namba hizo kwenye hati ya meli, kwenye tamko la forodha, kwenye hati ya kutolea mzigo, na kwenye ankara. Mzigo wa kawaida unakuja na makontena kadhaa. Nilikuwa nasoma namba mara moja, naibeba kichwani hadi karatasi ya pili. Wenzangu walikuwa wananitania kwamba kichwa changu ni mashine. Niliporudi kazini baada ya mapumziko ya kwanza, nilisoma namba, nikageuza macho kwenye karatasi ya pili, na njiani hapo, kati ya karatasi mbili zilizo juu ya meza moja, namba ikapotea. Nikarudi. Nikasoma. Ikapotea. Nikaanza kusoma tarakimu mbilimbili huku nimeweka kidole. Kufika saa sita mchana kichwa kinagonga, taa za ofisini zinanichoma, na kijana wa karibu yangu akicheka ni kama amenipigia sufuria sikioni. Asubuhi naweza. Mchana siwezi. Hiyo tofauti ya asubuhi na mchana iwekeni akilini.

Na harufu. Sikujua kama imeondoka mpaka siku Salma alipoingia jikoni akapiga kelele, "Mama, gesi!" Mtungi ulikuwa unavuja na mimi nimeinama palepale nakatakata vitunguu. Mishipa ya harufu ni myembamba na inapita kwenye vitundu vya mfupa chini ya ubongo, kwa hiyo kichwa kikitikiswa kwa nguvu inaweza kukatika. Bingwa alinipima kwa kahawa na sabuni, macho nimefumba. Nikakosa zote. Kitu cha ajabu, hicho ndicho peke yake ambacho watathmini wote walikikubali bila ubishi. Nadhani ni kwa sababu kina jina.

Haya, sasa karatasi.

Kwanza PF3. Fomu ile ya polisi kila mtu anaijua, lakini wengi wanaichukulia kama tiketi ya kuingilia hospitali. Mgonjwa wa dharura anapaswa kutibiwa kwanza, fomu ifuate. Na Baba Salma aliifuata kituoni nikiwa tayari ndani. Lakini uzito wake hauko mapokezi. Uko kwenye ile sehemu anayojaza daktari, maana ndiyo itakayosomwa na bima, na mahakama mkifika huko. Yangu ilijazwa: mchubuko goti la kushoto, jeraha la kushonwa juu ya nyusi. Kichwa chenyewe hakimo. Daktari aliandika alichokiona, na goti linaonekana. Tulilazimika kurudi kuomba ripoti ya ziada, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kabla fomu haijaondoka mikononi mwako, ndugu aliye na akili timamu aisome mstari kwa mstari, na kama mgonjwa alizimia au hakumbuki, aseme hapohapo. Upige nakala. Uzipige picha kwa simu. Karatasi za polisi zina tabia ya kwenda safari, na dai la ajali ya barabarani litataka nyingine zaidi, ikiwemo PF90, yaani ripoti ya polisi kuhusu ajali, na mchoro wa eneo la ajali.

Pili, kujua unamdai nani. Hapa watu wengi wanachanganya, na hata mimi nilichorewa kwenye karatasi na mwanasheria kabla sijaelewa. Nilikuwa na milango mitatu. Kuna kadi ya bima ya afya niliyopewa kazini, ambayo inalipia matibabu basi, haijui habari ya mshahara wala ulemavu. Kuna bima ya gari lililotugonga, ile ya lazima kisheria kwa ajili ya watu wengine, ambayo inamhusu dereva aliyekosea. Na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, kwa sababu nilikuwa nimetumwa kazini.

Huu wa tatu ndio ambao mwajiri wangu hakuutaja. Afisa rasilimali watu alinijia na chungwa na maneno matamu, "Dada, sisi ni familia, tutakusaidia wenyewe." Kusaidiwa ni kuzuri, lakini michango ya mfuko ule inalipwa na mwajiri, na haki ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi akiumia kazini mwajiri anatakiwa atoe taarifa ndani ya siku 7, na dai lenyewe lisipofikishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali unakuwa umejifungia mlango. Familia au si familia. Shemeji yangu ambaye ni mwalimu, na ambaye hana adabu hata kidogo na mabosi, ndiye aliyekwenda ofisini kwetu na kuuliza mbele za watu kama taarifa imeshapelekwa. Ikapelekwa wiki ileile.

Mfuko una mafao ya aina saba, lakini kwa mtu wa kichwa kama mimi yaliyogusa ni machache: matibabu, malipo ya muda wakati huwezi kufanya kazi, ambayo ni asilimia 70 ya mshahara na hayawezi kuzidi miezi 24, utengamao, yaani kusaidiwa kurudi kwenye shughuli zako, halafu tathmini ya ulemavu wa kudumu. Kwenye tathmini ndiko kwenye mpaka unaofanya watu wasilale: ulemavu ukipimwa ukawa asilimia 30 au chini yake, unalipwa mara moja kwa mkupuo, ukizidi hapo, unalipwa kila mwezi kama pensheni. Kwa hiyo tofauti ya asilimia moja inaweza kuwa tofauti ya maisha. Na tathmini ya mwisho haifanywi mapema, inasubiri hali itulie, yaani kufikia pale ambapo madaktari wanaona hutapona zaidi ya hapo. Kwa ubongo kusubiri huko ni kurefu. Ndugu watakwambia harakisha uchukue chochote. Wasikilize kwa heshima, halafu usubiri.

Nirudi kwa mtathmini wa kampuni ya bima ya gari, maana huyo ndiye aliyenifanya niandike.

Bima yenyewe ilikuwa halali. Tuliikagua kwa simu kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa kutumia namba ya gari. Fanya hivyo kabla hujamwamini mtu aliyekutumia picha ya stika. Kampuni ikakubali dai lipo, ikanipangia daktari wao, mjini Posta, saa tatu asubuhi. Nikalala mapema. Baba Salma akanipeleka kwa taksi, hakutaka nibanane kwenye mwendokasi. Nikafika nimepumzika, nimekunywa chai, chumba kimya, mapazia yamefungwa. Mzee wa makamo, mstaarabu. "Shikamoo daktari." "Marahaba mama, pole sana na ajali. Unaendeleaje?"

Nusura nimjibu.

Nikavuta pumzi, nikasema, "Daktari, ukitaka salamu, nzuri. Ukitaka ya kuandika, nina orodha." Akatabasamu, akaipokea orodha, akaiweka chini ya faili bila kuisoma. Kisha akafungua kipimo cha akili. Ni kile kilichotungwa Montreal, Canada, karatasi moja yenye alama 30, na ukipata 26 au zaidi unahesabiwa wa kawaida. Chora mchemraba. Chora saa, mishale isome saa tano na dakika kumi. Taja wanyama hawa. Toa saba kwenye mia, uendelee kutoa. Tisini na tatu, themanini na sita, sabini na tisa; mtu aliyekula miaka na ushuru wa forodha hashindwi na saba. Akanisomea maneno matano, akasema atayauliza baadaye. Tukaendelea na mengine. Alipoyauliza nilikuwa na mawili. Yale matatu sikuyaona hata vivuli vyake, nilikaa namwangalia yule mzee, na yeye akasubiri kwa adabu, kalamu hewani, mpaka nikasema basi.

"Ishirini na saba," akasema. "Vizuri sana, mama. Wengine wazima kabisa hawafiki hapo."

Ripoti ikaja: uwezo wa akili ni wa kawaida. Tuliomba nakala ya karatasi yenyewe, si ripoti peke yake. Ombeni karatasi, jamani. Alama zote tatu nilizopoteza zilikuwa sehemu moja, kukumbuka. Penginepo popote sikukosa hata moja. Jumla ilizifunika. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kubeba namba kutoka karatasi moja hadi nyingine, kukosa pale na kupata kwenye mchemraba kuna faida gani? Mimi silipwi kwa kuchora michemraba.

Tena kwenye ripoti ile kulikuwa na picha. Yangu mwenyewe, kutoka kwenye sendoff ya mdogo wangu, nimevaa sare ya dada wa bibi harusi, natabasamu mpaka magego yanaonekana. Mtu aliiweka mtandaoni, nao wakaikuta. Maelezo chini yake yalisema nashiriki shughuli za kijamii. Sawa, nilishiriki. Hiyo picha ilipigwa kabla muziki haujafunguliwa. Ulipofunguliwa nilitoka, na sherehe iliyobaki niliimaliza kwenye kiti cha nyuma cha gari la kaka yangu, kanga usoni, mama mkwe ananipepea. Hiyo hakuna aliyeipiga picha. Nani anapiga picha watu waliolala kwenye gari?

Kilichobadilisha upepo kilikuwa daftari la shule la jalada la bluu. Wazo ni la yule bingwa wa MOI, na alisisitiza nisiandike mimi. Aandike anayeishi na mimi. Baba Salma si mtu wa maneno mengi, ni fundi majokofu, anaandika kama anajaza kadi ya matengenezo: tarehe, saa, tukio. "Saa 9 mchana. Amesahau chungu jikoni, maharage yameungua, hakusikia harufu." "Saa 2 usiku. Amemgombeza Salma kwa kudondosha kijiko. Amelia." "Saa 8 mchana. Amerudi kazini amelala na viatu." Hakuna hata sentensi moja ya huruma mle ndani. Ukiangalia safu ya saa utaona mambo karibu yote yanatokea baada ya mchana. Nilisoma kurasa chache tu nikamrudishia, kwa kweli sikupenda kumjua yule mwanamke. Lakini mtathmini aliyefanya kazi yake alilisoma lote.

Huyo alikuwa binti wa tiba kazi, wale wanaopima na kumsaidia mgonjwa kurudi kwenye shughuli zake, aliyesomea KCMC Moshi. Madai yangu ya WCF ndiyo yaliyonifikisha kwake. Hakuniuliza habari yoyote zaidi ya salamu. Aliniambia nije na kazi yangu. Nikampelekea orodha za zamani za makontena, zilizofutwa majina ya wateja. Akanikalisha, akafungua dirisha linalotazama barabarani, akawasha redio kwa sauti ya kawaida ya ofisi, akasema linganisha. Kwa muda nilikuwa mzuri. Kisha makosa yakaanza: sita na tisa, tarakimu mbili zimepishana, mstari mzima umerukwa. Yeye hakusema kitu, anaandika dakika. Nilipomwomba azime redio akauliza, "Ofisini huwa wanazima?" Kwenye ripoti yake kuna jedwali la makosa kwa muda, na ukiliweka pembeni ya daftari la Baba Salma unaona ni mtu yuleyule. Nilitamani kumkumbatia, nikamwambia asante mwanangu, nikaenda kulala kwenye bajaji hadi Tabata.

WCF walitumia daktari aliyefundishwa kupima ulemavu, akazisoma zote: faili, daftari, jedwali, kipimo cha harufu. Asilimia ikatoka chini ya 30, kwa hiyo nimelipwa kwa mkupuo. Nilitarajia zaidi kidogo, sitadanganya. Ila nilielezwa kila sehemu imetoka wapi, na mtu akinieleza hesabu naweza kukubali jibu nisilolipenda. Kazini nimehamishwa, napokea wateja na kupanga mafaili asubuhi, mchana natoka. Kijana aliyekuwa akicheka sasa ndiye mwenye makontena. Ananiuliza-uliza, namfundisha asome tarakimu mbilimbili.

Kulipwa na mfuko hakukufuta dai langu kwa aliyenigonga, ingawa mwanasheria alinitahadharisha kwamba nilichopokea huku kitaulizwa kule. Kampuni ya bima walikuwa wameshanitumia hati ya kumaliza madai, kiasi kidogo, na maneno kwamba nikisaini sitadai tena jambo lolote litokanalo na ajali ile, linalojulikana sasa au litakalojulikana baadaye. Watu wanasaini hati hizi wakiwa bado na bandeji, kwa sababu kodi ya nyumba inadaiwa. Nawaelewa. Mimi sikusaini. Niliwajibu kwa barua, nikaambatanisha ripoti ya tiba kazi na nakala ya daftari, nikawaambia tusipoelewana nitapeleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ipo kisheria kwa mambo kama haya. Kabla ya barua ile walikuwa hawapokei hata simu. Baada yake nikapigiwa na meneja mwenyewe, akaniita "mama yetu."

Wanataka nikafanyiwe tathmini nyingine, kwa daktari yuleyule, saa tatu asubuhi. Nimewajibu nakuja, na Baba Salma ataingia na mimi ndani, na daftari lake. Ila iwe saa tisa alasiri, siku ya kazi, baada ya kutoka ofisini.